Bila Kitunguu

Saa kumi alfajiri Mysuru ina baridi ya kujifunika,
nami nimeshakaa juu ya mbuzi, nakuna nazi.
Darini nasikia nyayo zao:
wageni thelathini na mmoja wanakunjua mikeka,
kisha sauti ya Mwalimu Shivanna, kavu kama ganda la karanga:
Vuta. Shusha. Vuta.
Na mimi huku chini navuta, nashusha.
Sikufundishwa. Mbuzi ina pumzi yake;
ukiikosa, unakuna kidole.

Naitwa Puttamma. Mwaka wa kumi na tisa napika nyumba hii
na sijawahi kusimama kwa kichwa.
Kichwa changu nilikipa kazi nyingine: ndoo.

Sheria ziko ukutani, kwa chaki, kwa mwandiko wake:
nyama hapana, yai hapana, kiporo hapana,
kitunguu hapana, wala kitunguu saumu.
"Kinachowasha damu," alisema, "hakikai kitako na akili."
Sikubishana. Niliuliza tu: ladha nitaitoa wapi?
Akasema: itoe kwenye rangi.

Nilicheka hadi nikashika mlango.
Lakini kesho yake sokoni
niliyatazama mafungu kama mtu aliyetumwa kuposa.

Nimejifunza.
Bitiruti usiikate kwa hasira,
itaukumbuka mkono wako mpaka jioni.
Boga halitaki kuharakishwa.
Mchicha uutoe motoni
ungali na aibu yake ya kijani.
Choroko zikishaota mkia, karoti mbichi, ndimu,
na komamanga mwishoni kabisa, limwagike
kama shanga zilizokatika kiunoni.
Haradali zipasuke kwenye mafuta,
majani ya mchuzi yapige kelele,
halafu mvuje, kiasi cha ncha ya kucha:
huyo ndiye mlaghai wangu,
hunukia kitunguu bila kuwa kitunguu.
Mwalimu alijua. Alinyamaza.

Saa tatu wanashuka, mashati yameloa,
macho yamelegea kama ya watoto waliotoka mtoni.
Mmoja, Ragnhild, alilia juu ya jani la mgomba,
manjano ya dengu yakigusana na zambarau ya biringanya.
"Sijui kwa nini," akasema.
Nilimwongeza wali.
Anayelia mbele ya chakula haulizwi. Huongezwa.

Mvua za mwezi wa saba, Mwalimu alianguka
akiwa amesimama mkao wa mti.
Wiki tatu hakula.
Nilimpandishia rangi zote nilizonazo;
zilirudi zimepoa, zimefanya ngozi juu.

Usiku mmoja akanishika pindo la sari.
"Puttamma, kwako unapika na nini?"
Nilikaa kimya.
Miaka yote hiyo nilikuwa nasugua viganja kwa ndimu
kabla ya kuvuka kizingiti hiki.
"Mama yangu," akasema,
"alikuwa akifukia kitunguu kwenye majivu.
Tukirudi shambani tunakila kwa chumvi tu."

Nikaenda nyumbani, nikarudi.
Kitunguu kimoja, chekundu, kimefungwa kwenye pindo lilelile.
Nilikichoma nje, nyuma ya tangi la maji;
jiko lina heshima yake.
Ganda likaungua, ndani kikalegea,
kikawa waridi, waridi iliyofifia,
rangi ambayo sikuwahi kuipika katika nyumba hii.

Alikula robo.
Akavuta pumzi ndefu, akaishusha taratibu,
kama anavyowafundisha wengine.
"Ile sheria usiifute," akasema.
Robo tatu iliyobaki nilikula mimi, ngazini, gizani.

Sikuifuta. Chaki inafifia yenyewe, naipitia upya kila Ijumaa.

Leo saa kumi niko tena juu ya mbuzi.
Sauti ya darini ni ya mpwa wake, Hemavathi,
nyororo, bado inakimbia.
Vuta, anasema, na kabla nazi haijageuka: shusha.
Mimi nangoja kidogo.
Halafu nashusha.